Spika za sebuleni kwa soko la Nchelenge: zipi za kubeba, zipi za kuacha

Wafanyabiashara wanaochukua vifaa vya muziki Kariakoo na kuvipeleka kaskazini mwa Zambia wanajua jambo moja: mzigo ukishafika Nchelenge haurudi. Kutoka Dar es Salaam hadi mpaka wa Tunduma na Nakonde pekee ni zaidi ya kilomita 900, na hapo bado hujaianza safari ya kuelekea Luapula. Spika ikikataliwa na mteja Kashikishi, nauli ya kuirudisha inakula faida ya katoni nzima. Kwa hiyo uchaguzi ufanyike dukani, ukiwa unaifikiria sebule ya mnunuzi.

Sebule hiyo kwa kawaida si chumba cha sinema. Ndimo wanamokula, wanamopokea wageni, watoto wanamosomea, na siku ya mpira majirani hujaa humo humo. Sakafu ni saruji na juu ni bati, mara nyingi bila dari. Sauti hugonga pande zote na kurudi, besi inavuma, maneno ya mtangazaji yanapotea. Mvua ikipiga bati ndiyo basi.

Anza na wati. Maandishi makubwa ya PMPO kwenye boksi, wati 5,000 au 8,000, hayana kipimo chochote kinachokubalika, yapuuzeni kabisa. Geuza spika nyuma usome kibandiko cha umeme. Kikisema inatumia wati 60, basi haiwezi kutoa mfululizo wati zinazozidi hizo. Namba ya kuulizia ni RMS, na pamoja nayo unyeti wa spika kwa desibeli. Spika yenye unyeti wa desibeli 89 hutoa sauti ileile ya spika ya desibeli 86 kwa nusu ya umeme. Wauzaji wengi hawaitaji namba hii, ilhali kwa mteja wa betri ndiyo yenye fedha.

Linalofuata ni idadi ya spika. Seti za spika tano na sabufa moja zinavutia machoni, lakini kwa sebule ya watu wengi hatuzipendekezi. Spika za nyuma zinataka ukumbi ambao makochi yamekaa mbali na ukuta, na hapa makochi yameegemea ukuta. Waya zinapita mlangoni, watoto wanazikanyaga, baada ya mwezi spika mbili zimenyamaza. Zaidi ya hayo, seti nyingi za bei nafuu zinaunganishwa na king'amuzi kwa waya mbili tu, nyekundu na nyeupe. Zinapokea njia mbili za sauti na kuzigawa kwa spika tano. Sauti ya kuzunguka kama ya sinema haimo. Ili ipatikane, seti lazima iwe na tundu la HDMI ARC au la waya wa mwanga, pamoja na uwezo wa kusoma Dolby Digital.

Kama mteja ana fedha ya spika moja ya ziada, iwe ya katikati, chini ya runinga. Sababu yake ni hii: watu kumi hawawezi wote kukaa katikati ya chumba. Aliye pembeni husikia zaidi spika iliyo karibu naye, na maneno yanamjia kutoka kwenye kona. Spika ya katikati huyafunga maneno kwenye picha kwa kila aliyekaa. Asiyeimudu achukue spika mbili nzuri na sabufa yenye kitufe chake cha besi. Kitufe hicho ndicho kinachohifadhi ujirani, maana besi hupenya ukuta kuliko sauti nyembamba, na sabufa ikiwekwa pembeni kabisa mwa chumba hunguruma zaidi. Isogezwe kutoka kwenye kona.

Kuhusu umeme, mwaka 2024 ukame ulipunguza maji ya Kariba na Zambia ikapitia mgawo mkali wa umeme, baadhi ya siku nyumba zikikaa gizani kwa saa nyingi kuliko zilivyowaka. Tangu hapo muuzaji asiyeuliza habari za sola anajidanganya. Piga hesabu: betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 ina takriban wati-saa 1,200, na ni vyema kutumia nusu tu ili isife mapema. Runinga ya inchi 32, king'amuzi na spika za kiasi zikila jumla ya wati 85, ukiondoa upotevu wa inveta unapata kama saa sita. Inveta za bei rahisi huleta mvumo kwenye spika zenye transfoma. Seti inayokubali volti 12 moja kwa moja inakwepa tatizo hilo.

Zambia hutumia volti 230 na plagi ya pini tatu bapa kama ya Tanzania. Mzigo unaovuka ziwa kwenda Pweto au Kilwa ya Kongo utahitaji plagi ya pini mbili za mviringo. Na hapa madereva wawe macho: Kilwa ni tatu. Ipo ya Lindi, upo mji wa Kilwa upande wa Kongo, na kipo kisiwa cha Kilwa ndani ya Mweru ambacho ni cha Zambia. Waraka uandikwe nchi, si jina tu.

Ubebaji: sumaku ya spika imeshikwa na gundi, na mtikisiko wa barabara mbovu huibandua au kuisogeza. Katoni zilazwe kama mishale inavyoonyesha, zisiwekwe juu ya ekseli ya nyuma. Boksi za mbao za unga hufura zikilowa, hivyo turubai halina mjadala.

Mpakani, kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilichozinduliwa 2019 kimepunguza kusimama mara mbili, lakini unafuu wa SADC ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Spika ya China ununuayo Kariakoo ina ushuru wa Tanzania ndani ya bei, kisha italipa wa Zambia na VAT ya asilimia 16. Mwenye katoni nyingi apitishe mzigo bandarini kama wa kwenda nje. Spika tupu huingia kifungu 8518; yenye redio inaweza kuhamishiwa 8527, basi ankara iziandike mbalimbali.

Mwisho ni msimu. Zambia hufunga uvuvi wa Mweru kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, na fedha ya Nchelenge ni samaki. Katoni zifike Oktoba au Aprili.