Serengeti Isiyo na Simba

Ukitaja Serengeti ughaibuni, mtu anaona simba na nyumbu. Picha hiyo ilitengenezwa. Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek alitoa filamu aliyoipiga na mwanawe Michael, ambaye alifariki kwa ajali ya ndege Januari mwaka huohuo, na mwaka 1960 ikapata Oscar. Dunia ikaijua mbuga. Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, pale karibu kabisa na hifadhi, nani aliijua?

Giselle Portenier, mwandishi wa habari kutoka Kanada, alifika na kamera yake, na simba hakuwafuata. Kwa miaka mingi alifanya kazi BBC; filamu yake moja ilihusu wanawake wa Pakistan wanaouawa na ndugu zao wenyewe eti kulinda heshima ya ukoo. Mugumu alikuta jambo la aina hiyohiyo: mabinti wanaotoroka nyumbani Desemba, shule zikifungwa na msimu wa tohara ukianza, wakikimbilia nyumba salama ya Mama Rhobi Samwelly. Mama huyu alikeketwa akiwa na miaka 13, nusura damu imwishe. Filamu, *In the Name of Your Daughter*, ilitoka 2018.

Kwangu mimi, uzito wake uko kwa wazazi. Mpiga picha mvivu angetafuta wembe na machozi, basi. Portenier anakaa nao mpaka tuwasikie. Si mazimwi. Wanapiga hesabu ya ng'ombe, maana binti asiyekeketwa mahari yake hushuka. Wanaogopa pia maneno ya ukoo. Ukishawaelewa unabaki na hasira isiyojua pa kwenda, na hapo ndipo filamu inaponasa.

Kuna kitu kinanikera, hata hivyo. Sura za watoto zinaonekana wazi. Binti wa miaka 12 anasema kweli juu ya baba na mama yake mbele ya dunia nzima, kisha kesho arudi kuishi kijiji kilekile. Ujasiri ni wake, sawa, lakini je, ridhaa ya mtoto inatosha?

Sheria nayo ipo. Tangu 1998 ni kosa la jinai kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Bado utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta takriban wanawake 32 katika kila 100 mkoani Mara wamekeketwa. Polisi wa dawati la jinsia wanaweza kupigiwa simu usiku, ila vijiji vingi havikuwa hata kwenye ramani. Ndipo wafanyakazi wa kujitolea wa Crowd2Map, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga Mara, wakaanza kuchora barabara na nyumba kwa kutazama picha za setilaiti, ili gari la Mama Rhobi lijue pa kukatia kona.