Nyumba ya Mayembe na Shule ya Makerere

Kwa miaka 13, tangu 1941 hadi 1954, Jumba la Makumbusho la Uganda na shule ya sanaa ya Makerere vilikaa kilima kimoja. Mwanafunzi aliyekuwa akifinyanga udongo darasani aliweza kunawa mikono na kwenda kutazama vyungu vya wafinyanzi wa Bunyoro na Buganda, akarudi kazini na alichokiona kikiwa bado kichwani. Mpango huo haukutokana na sera ya mtu yeyote. Ulitokana na uhaba wa nafasi na ukaidi wa mwalimu mmoja. Hata hivyo, katika historia ya elimu ya sanaa Afrika Mashariki sijaona mpango mwingine uliozaa matunda mengi kama huo.

Makumbusho ndiyo yaliyotangulia. Maofisa wa serikali ya Kiingereza walianza kukusanya vitu vya wenyeji mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1908 vikapata makao katika kijumba kidogo kwenye ngome ya Lugard, juu ya kilima cha Old Kampala. Kulikuwa na ngoma, mikuki, vibuyu na nguo za magome ya miti. Kulikuwa pia na hirizi na vifaa vya ibada, maana huo ndio wakati ambao dini mpya zilikuwa zikiwataka watu waachane na vitu vya wazee wao. Waganda wakaliita jumba hilo Enyumba y'Amayembe. Mayembe ni zile pembe za uganga zinazoaminiwa kukaliwa na nguvu zisizoonekana, na jina hilo linatueleza jinsi watu walivyolitazama jumba lenyewe. Palikuwa mahali ambapo wakubwa wamefungia vitu vyenye nguvu. Hapakuwa mahali pa kumpeleka mtoto akajifunze.

Margaret Trowell alizaliwa London mwaka 1904. Alisomea uchoraji katika shule ya Slade, kisha ualimu chini ya Marion Richardson, mwalimu aliyepinga desturi ya kuwapa watoto picha za kunakili. Richardson alikuwa akiwaambia wanafunzi wafumbe macho, halafu akawasimulia mahali au tukio kwa maneno matupu. Wakifumbua macho, kila mmoja alichora kile alichokiona mwenyewe akilini. Trowell aliichukua njia hiyo, na mwaka 1929 akaja nayo Afrika Mashariki alipofuatana na mumewe, daktari Hugh Trowell. Walikaa kwanza Kenya, na kwa muda waliishi Machakos, ambako alianza kuchunguza kazi za mikono za Wakamba. Mwaka 1935 daktari akahamishiwa hospitali ya Mulago, Kampala.

Makerere ilikuwa jirani. Wakati huo ndicho chuo kilichopokea vijana waliomaliza sekondari kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar, lakini hakikufundisha sanaa. Trowell akaanza na wanafunzi wachache kibarazani kwake. Mwaka 1937, ambao ndio unaohesabiwa kuwa mwaka wa kuzaliwa kwa shule, alitoa pia kitabu chake cha kwanza kuhusu kazi za mikono za Kiafrika na namna ya kuziendeleza shuleni. Miaka miwili baadaye kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London, katika Imperial Institute.

Somo lake lilikwenda hivi. Mwalimu alisimulia tukio la sokoni, au mvua inayokaribia, au kisa cha Biblia, na wanafunzi wakasikiliza. Hakuwaonyesha michoro ya Ulaya ili waifuate, wala hakuwapa kanuni za kuonyesha umbali na ukaribu kwenye karatasi. Alitaka kila mmoja atoe picha iliyokwisha kuwamo ndani yake. Lakini mwalimu huyu alikuwa mtu makini, na upesi akaona kwamba masimulizi peke yake hayatoshi. Mchongaji hawezi kuchonga kwa kufumba macho. Anahitaji kuona jinsi mwingine alivyoushika mti kabla yake, alipopunguza na alipoacha, na kwa nini mpini wa kisu una unene ule. Shule nyingi za Ulaya zilikuwa na makumbusho kwa ajili ya kazi hiyo. Makerere haikuwa nayo, na vitu vya mayembe kule Old Kampala vilikuwa vimejaa hadi pa kuviweka pakakosekana.

Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vinaendelea Trowell alipokubali kuwa mhifadhi wa makumbusho kwa kujitolea. Mwaka 1941 mkusanyo wote ukahamishiwa kwenye shule ya sanaa Makerere. Kwa mara ya kwanza vitu vile vilisimamiwa na mtu aliyevitazama kwa jicho la mwalimu wa ufundi.

Chukua chombo kimoja tu, ekyanzi, mtungi wa mbao wa kutilia maziwa wa wafugaji wa Ankole. Huchongwa kutoka pande moja la mti, tumbo likawa pana na shingo nyembamba, kuta zake zikapunguzwa hadi zikawa nyepesi bila kupasuka. Ndani hufukizwa moshi wa majani ili maziwa yapate harufu nzuri na yasiharibike upesi, na kwa kutumiwa chombo kizima huwa cheusi chenye mng'ao. Juu yake huja kifuniko cha kusuka, kilichochongoka kama paa la msonge. Kwa mkusanyaji wa 1908 hicho kilikuwa chombo cha maziwa cha kabila fulani. Kwa mwanafunzi wa uchongaji kilikuwa swali: mtu asiye na mashine amewezaje kulichimba tumbo hilo kupitia shingo nyembamba namna hiyo? Swali la pili lilifuata lenyewe: kama babu yangu aliweza hili, kwa nini naambiwa sanaa imeletwa na meli?

Hapo ndipo mtu anapouona ubora wa mpango ule, na hapo hapo ndipo udhaifu wake ulipojificha. Trowell aliamini kwamba Uganda ilikuwa tajiri wa ufundi wa vitu vya matumizi lakini maskini wa sanamu, tofauti na Afrika Magharibi. Aliyeamua kipi ni cha Kiafrika na kipi kimeharibiwa na Ulaya alikuwa ni yeye, mwanamke wa Kiingereza, ndani ya chuo cha serikali ya kikoloni. Lakini mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba kwenye kilima cha Luzira, nje kidogo ya Kampala, walifukua vipande vya sanamu za udongo wa kuchomwa, kikiwamo kichwa cha mtu kilichofinyangwa kwa ustadi wa ajabu. Kichwa hicho kilipelekwa British Museum, London, na hadi leo kinajulikana kwa jina la kilima kile. Kwa hiyo vijana wa Makerere walijifunza uchongaji katika nchi iliyohesabiwa kuwa haina sanamu, na ushahidi wa kinyume chake ulikuwa ng'ambo. Hakuna hoja inayoonyesha wazi zaidi kwa nini shule inahitaji makumbusho yaliyo karibu nayo. Kitu kikiwa mbali, hata mwalimu mwema hufundisha pengo.

Wanafunzi wenyewe walivuka mipaka ya mwalimu wao. Gregory Maloba alitoka Mumias, magharibi mwa Kenya, akaja kujifunza uchongaji kwa Trowell, kisha akabaki kuufundisha. Nchi iliyoambiwa haina utamaduni wa sanamu ilipopata uhuru mwaka 1962, ni Maloba aliyeifanyia mnara wa uhuru unaosimama katikati ya Kampala: mama amemwinua mtoto, na mtoto amenyoosha mikono juu. Maelfu hupita chini yake kila siku.

Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame kwenye mitelemko ya Kilimanjaro, aliingia Makerere katika miaka ya 1940. Baadaye alipelekwa Slade, shule ile ile aliyosoma mwalimu wake, na wengi walitarajia arudi akichora kama Mwingereza. Haikuwa hivyo. Picha zake zilibaki za nyumbani: watu wengi wadogo wakifanya kazi kwa ujima, migomba, njia za mlimani, kila kitu kikipewa uzito sawa bila vivuli vya kumpendeza mtu wa Ulaya. Mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi wakati wa usiku. Mchaga yeyote anaijua safari hiyo, na jinsi mbege inavyobebwa kwa heshima. Picha hiyo ilinunuliwa na Museum of Modern Art ya New York. Ntiro aliongoza shule ya Makerere kwa muda, halafu Tanganyika ilipopata uhuru akawa balozi wake wa kwanza London. Nchi changa iliyokuwa na wasomi wa kuhesabika ilimtuma mchoraji kuiwakilisha kwa mtawala wake wa jana, na sidhani kama tumelitafakari jambo hilo vya kutosha.

Makumbusho nayo yalikuwa yamekwisha kupata mhifadhi mwingine. Klaus Wachsmann, Mjerumani mzaliwa wa Berlin na mtaalamu wa muziki, alishika kazi hiyo mwaka 1948. Alizunguka Uganda na mashine ya kunasa sauti, akarekodi nyimbo na ala zaidi ya 1,000, na kwake yeye zeze lililofungiwa kabatini lilikuwa limenyamazishwa. Pamoja na Trowell alitoa mwaka 1953 kitabu kikubwa kuhusu ufundi wa makabila ya Uganda, Trowell akieleza vyungu, vikapu, nguo na vyombo, Wachsmann akieleza ala za muziki. Mkusanyo wa Enyumba y'Amayembe ukawa kitabu cha kiada.

Kazi nyingine ndogo ya wakati huo naipenda kuliko kitabu hicho. Mwaka 1956 Wachsmann na Charles Sekintu, Mganda aliyekuja kulisimamia jumba hilo baadaye, walitoa kijitabu kuhusu nakshi za kuta za nyumba za Wahima. Wahima ni wafugaji, na nyumba za wafugaji hazikujengwa zidumu. Ng'ombe wakihama, nyumba huachwa, mvua ikazifuta nakshi zote. Hakuna makumbusho yanayoweza kuubeba ukuta wa namna hiyo. Njia ya kuuhifadhi ni kumpeleka mtu anayejua kutazama na kuchora, na elimu ya kutazama na kuchora ndiyo hasa iliyokuwa imekaa na makumbusho kwenye kilima cha Makerere.

Mwaka 1954 vitu vikahamishwa tena, safari hii kwenye jengo jipya la kilima cha Kitante. Aliyelichora ni Ernst May, msanifu wa Kijerumani, ndiye huyo huyo aliyechora jengo la KNCU mjini Moshi. Ni jengo zuri, lenye hewa na mwanga, na wageni waliweza kusikia ala zikipigwa badala ya kuzitazama tu. Umma ulipata makumbusho yake, na hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini shule ilibaki Makerere. Kutoka kilima kimoja hadi kingine ni mwendo mfupi, ila mwanafunzi anayetakiwa kufunga safari haendi mara nyingi kama yule aliye jirani.

Trowell aliondoka mwishoni mwa miaka ya 1950, na Cecil Todd kutoka Afrika Kusini akaja na mtazamo mwingine. Kwake msanii wa Kiafrika alikuwa na haki ya kujua sanaa ya dunia nzima, nadharia ya rangi na historia ya uchoraji wa Ulaya, kama msanii mwingine yeyote. Alikuwa na hoja. Mwishoni mwa muongo uliofuata shule ilipata jumba lake la maonyesho, na ndani yake kazi za wanafunzi wa zamani zikawa mkusanyo wa kujifunzia. Hivyo shule, baada ya kutengana na makumbusho, ilijitengenezea makumbusho mengine kutokana na kazi zake yenyewe.

Mwanafunzi mwingine wa Trowell alikwenda mbali zaidi. Elimo Njau wa Marangu alijulikana kwanza kwa michoro mikubwa ya ukutani katika kanisa la Murang'a, ambamo maisha ya Yesu yanapita katika mandhari ya Ugikuyu. Mwaka 1964 alifungua Kibo Art Gallery nyumbani kwao, penye vijiji na migomba, mbali na mji wowote mkubwa. Mwaka uliofuata, pamoja na wenzake, akaanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi, mahali ambapo picha zilionyeshwa, watoto walifundishwa, na wasanii walikutana chini ya paa moja. Moto uliteketeza sehemu kubwa ya kazi zilizokuwamo mwaka 1997. Njau na mkewe Phillda wakaendelea.

Vitu vya Kitante navyo vimekuwa na historia yao. Mwaka 1962, mwaka wa uhuru, masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Waganda, yalirudishwa kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako yalipelekwa wakati wa ukoloni. Mwaka 2024 chuo hicho hicho kilirudisha vitu 39, vikiwamo vyombo vya udongo na mapambo ya kifalme. Lakini vimerudi kwa mkopo, na mkopo wa kuanzia ni wa miaka 3. Mwalimu wa Makerere anayefundisha ufinyanzi au uchongaji ana sababu nzuri ya kulipeleka darasa lake Kitante mapema, na penseli na karatasi za kutosha.