Miaka 25 Vizuizini: Historia Fupi ya Machsom Watch

Mwanzoni mwa mwaka 2001, baridi ikiwa bado haijaondoka katika vilima vya Yerusalemu, na Intifada ya pili, yaani maasi ya Wapalestina dhidi ya ukaliaji wa Israeli, ikiwa imekwisha kuwaka tangu Septemba ya mwaka uliotangulia, wanawake watatu raia wa Israeli walikata shauri la kwenda kusimama kando ya kizuizi cha kijeshi kilichoko baina ya Yerusalemu na Bethlehemu, wakatazame kwa macho yao mambo ambayo magazeti ya nchi yao yalikuwa yakiyataja kwa mistari michache. Mmoja wao, Ronnee Jaeger, alikuwa amepata kufanya kazi ya kutetea haki za binadamu katika Guatemala na Meksiko. Wa pili, Adi Kuntsman, alikuwa msomi aliyehamia nchini kutoka Umoja wa Kisovyeti. Na wa tatu, Yehudit Keshet, ndiye ambaye baadaye, mwaka 2006, alitoa kitabu cha shuhuda zilizokusanywa vizuizini. Hawakuwa na cheo, wala hawakutumwa na serikali, wala hawakuomba idhini ya mtu. Walikuwa na madaftari. Kwa kusimama kwao hapo ikazaliwa jumuiya iitwayo Machsom Watch, waangalizi wa vizuizi, ambayo mwaka huu wa 2026 inatimiza miaka 25, na ambayo inastahili kuandikiwa historia yake katika lugha yetu kama ilivyokwisha kuandikiwa katika lugha nyingine.

Asiyewahi kukiona kizuizi cha namna hiyo hana budi kwanza ajue kilizaliwaje. Israeli ilipoutwaa Ukingo wa Magharibi katika vita vya Juni 1967, Wapalestina hawakufungiwa papo hapo. Kibali cha jumla kilichotolewa mwaka 1972 kiliwaruhusu walio wengi kuingia Israeli kufanya kazi mchana na kurejea makwao usiku, na kwa muda wa miaka karibu ishirini maelfu ya nyumba yalipata riziki kwa njia hiyo. Kibali hicho kilifutwa mwaka 1991, wakati wa vita vya Ghuba, mahali pake kikawekwa kibali cha mtu mmoja mmoja. Na Machi 1993 Ukingo wa Magharibi wote ukafungwa, na tangu siku hizo kupita kumekuwa ni hisani ya mwenye nguvu, si haki ya mpitaji. Wazee wa Kenya waliopata kuvaa kipande, kile kitambulisho cha lazima, shingoni katika kikebe chake zama za ukoloni wangaliifahamu habari hii bila ya kuelezwa sana. Kisha, ilipokuja Intifada ya pili, vizuizi vikaongezeka kwa namna isiyopata kuonekana, navyo havikuwekwa penye mpaka peke yake: aghalabu viliwekwa ndani kwa ndani, baina ya mji wa Wapalestina na mji wao mwingine, baina ya kijiji na mashamba yake, baina ya mgonjwa na hospitali. Serikali ya Israeli ilisema, na hata leo husema, kwamba vizuizi ni kinga dhidi ya walipuaji wa mabomu, na ni kweli kwamba katika miaka hiyo watu wengi waliuawa mabasini na mikahawani. Lakini kizuizi kilichoko baina ya Nablus na vijiji vyake, mbali na mpaka, kinamkinga nani, hilo ndilo swali walilokwenda nalo wanawake hawa, na mtu akisoma taarifa zao za miaka mingi haoni kwamba walipata kujibiwa.

Nablus ndio mji uliolionja jambo hili kwa ukali kuliko miji mingine. Kusini mwake palikuwa na kizuizi cha Huwwara, na magharibi kizuizi cha Beit Iba, na kwa vipindi virefu vijana wa kiume, kwa kawaida wenye umri wa miaka 16 hadi 35, walikatazwa kutoka mjini bila ya kibali maalumu, si kwa kosa la mmoja wao bali kwa umri wao. Katika mji huo kipo Chuo Kikuu cha An-Najah, na wanafunzi wake waliotoka Tulkarm na vijijini walilazimika kupita Beit Iba asubuhi na jioni, wakiwa wameshika vitambulisho mkononi, wakifungua mikoba, wakiinua mashati ili askari aone kwamba hapana kitu kilichofungwa kiunoni, wasijue kama watawahi mtihani au wataukosa. Wafanyabiashara nao walikuwa na mashaka yao: shehena iliyoletwa na lori moja hadi kizuizini ilishushwa chini, kisha ikapakiwa katika lori jingine lililoegeshwa upande wa pili, kitako kwa kitako, na gharama ya upakuzi na upakizi huo iliongezwa katika bei ya kila kilicholiwa mjini. Na lililo zito kuliko yote ni kwamba, kwa mujibu wa ripoti za Umoja wa Mataifa, katika miaka ile ya mwanzo ya Intifada wanawake zaidi ya 60 walijifungua vizuizini wakiwa njiani kwenda hospitali, na wengi wa watoto hao hawakuishi.

Hapo ndipo jumuiya ilipoikuta kazi yake. Iliamuliwa tangu mwanzo kwamba wanachama watakuwa wanawake peke yao, na uamuzi huo ulikuwa na hekima ndani yake, kwa maana katika nchi ambayo wanaume wengi wa Kiyahudi wamepata kuwa askari, mwanamume akisimama kizuizini huchukuliwa kuwa askari mwenziwe au mpinzani wa askari, ilhali mwanamke mtu mzima, mwenye umri wa kuwa mama au bibi wa kijana aliyeshika bunduki, humtia kijana huyo haya ambayo amri ya jeshi haikumfundisha kuipinga. Wengi waliojiunga walikuwa watu wazima kweli, waliostaafu ualimu, uuguzi na kazi za ofisini. Baadhi yao walikuwa na wana wao jeshini wakati ule ule. Katika miaka michache idadi yao ilifikia mamia kadhaa, wakagawana zamu za asubuhi na za alasiri, kila kundi likaenda kwa gari la mmoja wao.

Ingefaa kueleza zamu moja huwaje, kwa kuwa heshima ya jumuiya hii imo katika udogo wa mambo iliyoyatenda kila siku. Wanawake wawili au watatu hufika, husimama mahali ambapo wataonekana na wataona, na huanza kuandika: ni saa ngapi, foleni ina watu wangapi, madirisha mangapi ya kukagulia yamefunguliwa na mangapi yamefungwa, mtu aliyeshika mkia wa foleni amefika mbele baada ya dakika ngapi, wangapi wamewekwa kando, kwa sababu gani, na tangu lini. Maana palikuwa na desturi ya kumchukulia mtu, hasa kijana, kitambulisho chake, na kumkalisha pembeni, juani au mvuani, saa mbili, saa nne, na pengine zaidi, eti namba yake inatazamwa. Na kijana aliyenyang'anywa kitambulisho hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Wakimwona wa namna hiyo, wanawake huuliza jina la ofisa wa zamu, humwendea kwa adabu, na akikataa kusikia hupiga simu kwenye ofisi ya jeshi inayoshughulikia mambo ya kiutu, wakapiga tena, na tena, mpaka kitambulisho kinarudi au jua linatua. Usiku, mmoja wao huketi akaiandika taarifa kwa Kiebrania, nayo ikafasiriwa kwa Kiingereza, ikatolewa hadharani isomwe na yeyote. Taarifa hizi, zilizokusanywa siku baada ya siku tangu 2001, zimekuwa ni maelfu kwa maelfu, na sidhani kwamba yapo mahali pengine maandishi marefu na yenye subira kiasi hicho juu ya utaratibu wa kuzuia watu, yaliyoandikwa na raia wa dola ile ile inayozuia.

Jambo lililoitia jumuiya hii katika vinywa vya watu wote lilitokea Novemba 2004 pale Beit Iba. Kijana wa Kipalestina aliyebeba fidla alifika mbele ya askari, akalifungua sanduku lake ili fidla ikaguliwe, na mbele ya foleni iliyokuwa imejaa nyuma yake akapiga fidla ile, askari wamesimama wakimtazama. Mwanamke mmoja wa Machsom Watch alikuwa zamuni na kamera, akaichukua picha. Jeshi lilisema kwamba mtu yule hakulazimishwa. Mwenyewe alishikilia kwamba aliamriwa apige. Picha ilipotolewa, Israeli ilitikisika, na wako waandishi wa nchi hiyo walioikumbuka kwa uchungu habari ya wanamuziki wa Kiyahudi waliolazimishwa kupiga ala katika kambi za Wanazi. Lakini wako pia waliosema, nami naona walisema haki, kwamba ni ajabu fidla moja kuyatia majonzi makubwa mioyo ambayo haikuguswa na mamia ya waliosimamishwa juani bila ya ala yoyote mkononi. Wanawake wa jumuiya wenyewe walilijua hilo, maana yale waliyokuwa wakiyaandika kila siku tangu miaka mitatu nyuma yalikuwa mazito zaidi, wala hayakupata msomaji.

Tena palikuwa na mgogoro ndani ya jumuiya, nao si wa kufichwa, kwa kuwa ndio unaoonyesha kwamba watu hawa walifikiri. Malalamiko yao yalipoanza kusikilizwa, jeshi liliweka paa la kuzuia jua mahali fulani, likaleta maji, likatengeneza vyoo, likapeleka askari wa akiba wenye umri mkubwa zaidi wakae vizuizini kama maofisa wa kupunguza dhiki. Je, yalikuwa ni mafanikio hayo? Wako waliosema kwamba kikombe cha maji ni kikombe cha maji, na mwenye kiu hana nafasi ya kungoja amani. Wengine walisema kwamba kizuizi chenye paa na maji kinaendelea kuwa kizuizi, tena kinakuwa kigumu kukiondoa, maana kimekwisha kuvaa sura ya kitu cha kawaida, na kwamba wao, pasipo kukusudia, wamegeuka kuwa mafundi wa kuutengeneza ukaliaji wa mabavu waliokuja kuupinga. Keshet katika kitabu chake hakuikwepa hoja hii. Mimi naona kwamba pande zote mbili zilikuwa na haki, na kwamba jumuiya ilibaki hai kwa sababu haikumtaka mwanachama achague moja akaiacha nyingine: asubuhi mwanamke alipiga simu ili mtu mmoja apite, na jioni aliandika kwamba kizuizi chote ni dhuluma.

Wakati huo huo nchi yenyewe ilikuwa inabadilishwa sura. Mwaka 2002 Israeli ilianza kujenga ukuta na uzio, na kwa sehemu kubwa haukufuata mstari wa kusitisha vita wa 1949 bali uliingia ndani ya ardhi ya Wapalestina. Na Julai 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa rai yake kwamba ujenzi huo katika ardhi iliyokaliwa unakwenda kinyume cha sheria ya mataifa. Ukuta haukusimamishwa. Wakulima wa Jayyus, karibu na Qalqilya, waliona mizeituni yao imebaki upande wa pili, na tangu hapo mtu humwendea mzeituni wake kwa kibali, kwa lango linalofunguliwa kwa saa zilizopangwa na jeshi, akichelewa analala shambani au anabaki nyumbani. Wanawake wakaanza kuyaangalia malango hayo nayo. Vizuizi vikubwa viligeuzwa kuwa majengo, yenye milango ya vyuma inayozunguka na mitambo ya kusoma alama za vidole, na baadhi vikakabidhiwa kwa walinzi wa makampuni. Pale Irtah, karibu na Tulkarm, wafanyakazi waliokuwa na vibali walifika saa nane usiku wakasongamana gizani, ili lango lifunguliwapo alfajiri wawe miongoni mwa wa kwanza, wawahi kazi za ujenzi. Na pale Qalandiya, kaskazini ya Yerusalemu, kila Ijumaa ya Ramadhani wazee na akina mama waliofunga hungoja wajue mwaka huu umri wa kuruhusiwa kwenda kusali Al-Aqsa umewekwa miaka mingapi, maana umri huo jeshi huupanga upya kila mara, na baba huenda akapita na mwanawe akarudishwa.

Kazi ilizaa kazi nyingine. Kizuizini wanawake walikutana na watu walionyimwa vibali kwa neno moja tu, usalama, bila ya kuelezwa wametenda nini. Wakaunda kundi la kuwasaidia kuandika rufaa, na baadhi yao, baada ya miaka ya kuzuiliwa, walifutiwa zuio bila ya kuambiwa kwa nini liliwekwa. Wengine walianza kwenda kukaa katika mahakama za kijeshi za Ofer na Salem, wakaandika jinsi kesi ya kijana inavyomalizwa kwa dakika chache katika lugha asiyoijua.

Vizuizi vyenyewe havikuondoka: mwanzoni mwa 2023 ofisi ya Umoja wa Mataifa ya uratibu wa misaada ilihesabu vikwazo 645 vya njia katika Ukingo wa Magharibi. Mwanzoni mwa 2025, baada ya mauaji yaliyofanywa na Hamas ndani ya Israeli Oktoba 7, 2023 na vita vya Gaza vilivyofuata, vilikuwa 849. Vibali vya kazi vya zaidi ya watu laki moja vilisimamishwa kwa mkupuo mmoja, na vijiji vingi vikawekewa milango ya chuma kwenye njia za kuingilia. Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilirudi kunena, mara hii kwamba ukaliaji wenyewe ni haramu. Wanachama wa Machsom Watch wamepungua, waliokuwa na umri wa miaka 50 walipoanza wana miaka 75, na baadhi yao wamefariki; lakini waliobaki wangali wanakwenda, hasa katika Bonde la Yordani, wakiwa pamoja na wafugaji wa Kipalestina ambao walowezi wa Kiisraeli huwafukuza malishoni, na taarifa zao zingali zinaandikwa kwa utaratibu ule ule wa mwaka 2001: saa, mahali, idadi ya waliozuiliwa, na jina la aliyekataa kujibu.