Mstari uliokatika hausemi "pita"

Ukikaa stendi ya Nyegezi hapa Mwanza ukawasikiliza madereva wakibishana, hukawii kusikia sheria ambazo hazimo katika kitabu chochote. Mstari uliokatika ni ruksa. Lori likiwasha indiketa ya kushoto, pita; likiwasha ya kulia, subiri. Anayepitwa ndiye anayepaswa kusogea. Wanaoyasema haya si wanafunzi wa udereva. Ni watu wenye leseni za miaka mingi, na baadhi yao wanaendesha mabasi tunayopanda mimi na wewe.

Tuanze na huo mstari. Mwaka 1911, katika wilaya ya Wayne, jimbo la Michigan huko Marekani, mkuu mmoja wa barabara aitwaye Edward Hines alitoa shauri kwamba katikati ya barabara pachorwe mstari. Husimuliwa kwamba wazo hilo lilimjia alipoona gari la maziwa likivuja na kuacha alama nyeupe njia nzima. Kazi ya mstari ule ilikuwa moja tu: huyu akae upande wake, na yule akae wake. Haukuwa na neno lolote juu ya kulipita gari jingine. Waingereza, ambao ndio waliotuachia kanuni zetu nyingi za barabarani, walianza kuchora mistari yao kwa wingi miaka ya 1920, lakini ile mistari miwili ya kati yenye marufuku waliiingiza katika kanuni mwaka 1959. Kwa maneno mengine, mstari ulianza kama mpaka, na katazo likaja baadaye.

Hapo ndipo ilipo asili ya kosa. Mstari mzima unasema hapana, na hilo linaeleweka. Lakini uliokatika hausemi ndiyo. Unachosema ni kwamba fundi aliyeipima barabara hakuona kona wala kilima cha kukuficha mahali hapo. Basi linalokuja jioni hii hakuliona, wala ng'ombe wanaovuka karibu na Magu, wala mvua. Hayo aliyaacha mikononi mwako.

Tena iko mistari miwili inayokwenda sambamba, mmoja mzima na mwingine umekatika. Nimewasikia watu wakidai kwamba maadamu mmoja umekatika, kila mtu anaruhusiwa. Sivyo. Unausoma ule ulio karibu nawe. Anayepanda kilima hupewa mzima kwa sababu haoni ng'ambo. Aliyekwisha kuvuka kilele hupewa uliokatika. Katika mji wetu wa mawe na vilima, jambo hili lilipaswa kujulikana na kila mtu.

Kwa nini halijulikani? Nadhani jibu liko kwenye vumbi. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na mzigo mkubwa ukawa wa treni na meli. Malori yalibaki kwenye barabara za udongo na changarawe, yakisomba pamba, na hata baada ya Uhuru wa 1961 sehemu kubwa ya Kanda ya Ziwa iliendelea hivyo kwa miaka mingi. Changarawe haichorwi mstari. Aliye nyuma alipiga honi, aliye mbele akasogea pembeni, na utingo juu ya mzigo akatoa mkono: njoo, au ngoja. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilimkuta dereva akiwa tayari na sheria yake. Lami ilipokuja na mistari yake, mkono wa utingo ukageuka kuwa indiketa.

Indiketa hiyo ina hatari yake. Kisheria maana yake ni kwamba nageuka au nahama upande. Kwa desturi ya malori, ya kulia ni onyo kwamba mbele kuna gari. Lakini wapo wanaoielewa kinyume, kwamba kulia ni kweupe, pita huko. Taa moja inatoa habari mbili kwa watu wawili, na anayeitoa huenda anataka tu kukata kona ya Usagara.

Tarehe 5 Septemba 2014, karibu na Musoma, mabasi mawili ya abiria yaligongana uso kwa uso, na watu zaidi ya 30 wakafa. Sina haja ya kumhukumu dereva yeyote hapa. Naitaja ajali hiyo kwa sababu njia ile ya Mwanza na Mara ni nyembamba, na mtu aliyehamia upande wa mwenzake hana mahali pa kurudi.

Na yule anayesema anayepitwa asogee, namshauri aende bandarini akawaulize manahodha. Katika kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano ya vyombo majini, chombo kinachokipita kingine ndicho chenye wajibu wa kukikwepa, mpaka kiwe kimekiacha kabisa. (Vikikutana uso kwa uso, kila kimoja huelekea kulia kwake, kinyume cha magari yetu.)

Upande nao una historia yake. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja la Wajerumani. Mwaka 1919 Uingereza na Ubelgiji zikakubaliana kuligawana. Sisi tukaenda na Mwingereza, kushoto. Wenzetu wakaenda na Mbelgiji, kulia. Hadi leo, pale Rusumo, malori yatokayo Isaka hubadili upande yakiingia Rwanda, na yatokayo huko hubadili yakija kwetu. Dereva mwenye usukani wa kushoto akiwa Tanzania anakaa upande wa majani. Ili aone mbele ya gari analotaka kulipita, sharti kwanza alitoe nusu ya lori lake katikati ya barabara, isipokuwa kama ana utingo wa kumwangalizia. Ukiliona lori la namna hiyo likichungulia mbele yako kwenye barabara ya Shinyanga, punguza mwendo mapema, kwani dereva wake bado hajakuona.