Simu, Waya na Upepo: Istilahi za Kuunganisha Jengo Kubwa

Penye jengo kubwa la umma au la biashara, iwe ni ofisi katikati ya jiji la Dar es Salaam au ghorofa za maduka za Kariakoo, huzuka siku hizi swali moja: je, kompyuta na simu zilizomo ziunganishwe kwa nyaya zipitazo ukutani, au kwa mawimbi ya redio? Swali hilo huonekana kuwa la fundi peke yake. Lakini kabla fundi hajashika nyundo, mtumishi wa serikali amekwisha kuandika hati ya zabuni, na mfasiri amekwisha kuchagua maneno. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba neno lililochaguliwa laweza kuamua kazi itakayofanywa, na hata ile itakayosahauliwa.

Yafaa tuanze na neno lenyewe simu. Asili yake ni neno la Kiajemi sim, lenye maana ya fedha na pia ya waya. Kwa hiyo babu zetu waliposema "kupiga simu", walitaja waya, wala si sauti. Jambo hilo halishangazi tukikumbuka jinsi mawasiliano hayo yalivyoingia pwani. Mwaka 1879 waya wa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, na mwaka 1890 Unguja ikaunganishwa na Bagamoyo na Dar es Salaam kwa njia hiyohiyo. Habari ilisafiri ndani ya waya. Hivyo waya ukaipa habari jina lake.

Haukupita muda mrefu ila Dar es Salaam ikapata njia ya pili. Wajerumani walisimamisha mlingoti wa redio, nao ukawa na thamani kubwa vita vilipoanza, kwani nyaya za baharini zilikuwa mikononi mwa Waingereza. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea ilikuja kuushambulia mji kwa ajili ya mlingoti huo, na Wajerumani wenyewe wakauangusha. Vita hivyohivyo ndivyo vilivyotuachia jina la Kariakoo, kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza, yaani Carrier Corps. Wasemaji hawakulitafsiri jina lile. Walilitia katika matamshi yao, nalo likawa letu.

Mawasiliano ya mlingoti yalipewa jina simu ya upepo. Tulitazame vizuri jina hili. Ukifuata asili, maana yake ni "waya wa upepo", jambo lisilowezekana. Lakini msemaji hakujali, maana simu ilikuwa imekwisha kuachana na waya akilini mwake. La maana zaidi ni kwamba jina lile lilitaja kilichopo, yaani kinachodhaniwa kubeba habari, wala halikutaja kinachokosekana. Mwanasayansi atapinga, na ana haki: mawimbi ya redio hayahitaji hewa, sembuse upepo. Hata hivyo njia ya kuunda jina ilikuwa sahihi, ijapokuwa elimu iliyokuwamo haikuwa kamili.

Simu za mkononi zilipoingia jijini katika miaka ya 1990, neno simu liliendelea na safari yake bila kuulizwa. Kisha waya ukarudi kwa nguvu. Mwaka 2009 waya wa bahari wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na serikali ikajenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Katika maandishi yalionekana maumbo mawili, mkongo na mkonga. La kwanza ni jina la mti wa mbao ngumu, na la pili ni pua ya tembo. Umbo la mkongo ndilo lililoshika katika lugha ya serikali, na leo hapana haja ya kulifukua.

Sasa tuingie ndani ya jengo. Mtandao wa nyaya uitwao Ethernet ulibuniwa Marekani mwaka 1973, na kanuni ya kwanza ya mtandao wa mawimbi, ambao watu huuita waifai, ilitolewa mwaka 1997. Kila mmoja una mipaka yake. Waya wa shaba wa kawaida huishia mita 100 kutoka kwenye swichi. Mawimbi nayo hupungua nguvu yanapokutana na ukuta mnene, na zaidi yanapokutana na zege lenye nondo. Boma la Kale, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe zama za Sultani Majid katika miaka ya 1860, ni mfano wa ukuta wa namna ya kwanza. Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, pamoja na miavuli yake ya zege na soko lake la shimoni, ni mfano wa namna ya pili. Na katika ghorofa zenye fremu nyingi za maduka, kila mwenye fremu akiweka mtambo wake, mitambo hiyo hugombania nafasi: katika masafa ya gigahezi 2.4 ziko njia tatu tu zisizoingiliana.

Kwa sababu hizo, jengo kubwa linalotumia mawimbi huhitaji vituo vingi vya kurushia mawimbi, na kila kituo, kwa kawaida, hufikiwa na waya. Hapa ndipo istilahi inapoweza kutudhuru. Tuseme hati ya zabuni imeandikwa "mtandao usiotumia waya". Mkadiriaji anayeisoma kwa uaminifu atafuta mabomba ya kupitishia nyaya katika hesabu zake. Jengo litamalizika, kuta zitapigwa lipu na rangi, ndipo fundi atakapokuja kuomba ruhusa ya kuzitoboa. Mfasiri hakukosea sarufi. Alitaja kisichokuwapo, akaficha kilichopo.

Wako wanaopendelea neno pasiwaya, na hoja yao ina nguvu: ni fupi, na linaeleweka mara moja. Tunaona lina mahali pake. Kipanya au kibodi ya kompyuta isiyo na waya kweli yaweza kuitwa pasiwaya, kwani waya umeondoka kabisa. Lakini kwa mtandao wa jengo tunapendekeza mtandao wa mawimbi, ukilinganishwa na mtandao wa nyaya; na mtambo unaofungwa darini uitwe kituo cha mawimbi. Neno mkongo libaki kwa njia kuu ziunganishazo miji na nchi, lisishushwe hadi kwenye waya wa mezani.

Mapendekezo haya hayakusudii kufuta maneno yaliyokwisha kukaa vinywani mwa watu. Waifai itaendelea kuitwa waifai sokoni, kama Kariakoo ilivyoendelea kuitwa Kariakoo. Hati za serikali, vitabu vya shule na mikataba, hata hivyo, vina wajibu mwingine: msomaji wake hulipa fedha, hujenga ukuta, au hufundisha watoto kwa kufuata neno alilolikuta. Walimu, wafasiri na watumishi walio na maneno bora zaidi wanakaribishwa kuyaleta yajadiliwe.