Imezimwa, imezimika, inajizima

Friji ya duka moja huko Tezo ikiwaka na kuzima kila mara, wengi husema "imekufa". Neno hilo halimsaidii fundi. Kiswahili kina vitenzi vinavyopambanua zaidi: imezimwa, yaani mtu kagusa swichi; imezimika, yaani umeme umepotea; inajizima, yaani yenyewe imejikatia umeme. Hata kujizima kuna namna mbili: themostati hukata umeme baridi ikitosha, na hilo ni la kawaida; kinga ya mota huikatia kompresa umeme ikichemka, pengine kwa vumbi lililojaa nyuma au umeme hafifu. Atakayesema fundi atajionea mwenyewe akumbuke kwamba hitilafu ya kuja na kuondoka huenda isionekane fundi akiwapo. Hapo pengine ushahidi pekee ni kitenzi alichokichagua mwenye duka.