Moto Mlimani, Tope Bondeni: Historia Fupi na Gharama Zake

Wana Ntobeye wenzetu, kila kiangazi milima ya Ngara huwaka. Wapo wanaotaka majani mapya kwa ajili ya ng'ombe, wapo waliokuwa wanasafisha shamba moto ukawaponyoka, na wapo ambao hatutawajua kamwe. Tumekua tukiiona mistari ile ya moto usiku, na wengi wetu tulidhani hasara inaishia kwenye majani, miti michanga na mizinga ya nyuki. Hasara nyingine huja na mvua za kwanza, tena bondeni, kwa mtu ambaye hakuwasha hata kiberiti.

Jambo lenyewe si gumu kulielewa. Mlima wenye majani na miti hupokea mvua polepole: matone huangukia majani, maji hunywewa na udongo, mizizi hushika ardhi. Moto ukipita, ule mfuniko unaondoka. Majivu huziba vinyweleo vya udongo. Na moto ukiwa mkali, kama ule wa msitu au vichaka vizito, mafuta yaliyomo kwenye mimea huungua, yakashuka ardhini na kuganda chini kidogo ya uso wa udongo. Maji yakifika hapo huteleza kama juu ya jani la magimbi. Yanashuka yote kwa pamoja, yakibeba majivu, mchanga, magogo na hatimaye mawe. Tuseme ukweli, moto wetu wa nyasi hupita haraka na hauichomi ardhi kiasi hicho. Lakini ukiwashwa mwishoni mwa kiangazi, mvua hukuta mlima uko uchi, na kwenye miteremko yetu hiyo inatosha.

Mfano wa karibu nasi uko Uganda magharibi, Kilembe, wilaya ya Kasese. Mto Nyamwamba hutoka juu katika milima ya Rwenzori, hupita kwenye bonde jembamba la Kilembe, kisha mji wa Kasese, na kuelekea Ziwa George. Bonde hilo lilijaa watu kwa sababu ya mgodi wa shaba. Reli ilifika Kasese mwaka 1956, zikajengwa nyumba za wafanyakazi, shule na hospitali, zote kando ya mto, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na tambarare. Mwaka 2012 moto uliunguza uoto wa sehemu za juu ambako mto huo huanzia. Tarehe 1 Mei 2013 mvua kubwa ilinyesha, maporomoko yakaongezea udongo na mawe, na mto ukashuka na vyote. Watu walikufa, madaraja na barabara vilikwenda, hospitali ya mgodi ikaharibiwa. Watafiti waliochunguza tukio lile waliutaja moto kuwa moja ya sababu, pamoja na mvua yenyewe na maporomoko.

Kilichofuata ndicho tunachotaka kila mchangiaji akisome mara mbili. Zililetwa mashine kuchimbua mto na kusogeza mawe pembeni. Zilijengwa kuta za gabioni, yaani makapu ya waya yaliyojazwa mawe, kulinda kingo. Hii ni kazi ya maana na hatuibezi. Lakini mto uliendelea kushusha mawe mapya kutoka juu, na sehemu iliyochimbuliwa ikajaa tena. Mwaka 2014 mafuriko yalirudi. Mei 2020 yakarudi tena na kuingia hospitalini. Aliyechimba mara moja akaondoka alikuwa amelipia nusu ya kazi.

Wenye fedha nyingi kuliko sisi wamelijua hili kwa muda mrefu. Los Angeles, Marekani, vilima vya La Crescenta viliungua Novemba 1933, na usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1934 tope na mawe vilishukia nyumba na kuua watu zaidi ya 40. Wahandisi wa kule wakapanua ujenzi wa mabwawa ya kunasa tope kwenye midomo ya makorongo: shimo kubwa lenye ukuta, tope na mawe hutua humo, maji huendelea. Leo kaunti hiyo ina mabwawa ya namna hiyo zaidi ya 150. Kila bwawa lina kazi moja isiyopendeza: kuzolewa. Bwawa lililojaa halizuii kitu, linakuwa ngazi tu ya tope kupandia.

Hata huko mambo huwashinda. Desemba 2017 moto mkubwa uliunguza milima juu ya mji wa Montecito, California, na tarehe 9 Januari 2018 tope liliua watu 23. Baadaye wakazi walichangishana fedha zao wenyewe, wakaweka nyavu za chuma kwenye makorongo. Waliruhusiwa kwa vibali vya muda, na suala la nani atasafisha nyavu likawa sehemu ya mazungumzo tangu mwanzo. Hao ni matajiri, lakini walichofanya ni mchango kama wetu.

Sasa turudi nyumbani. Tulipopitia vitabu vya chama vya miaka iliyopita tulikuta saruji, nondo, mawe, lori, posho ya fundi. Mstari wa kuzibua haupo hata mmoja. Kalavati tulilolichangia kwa moyo wote liliziba kwa mchanga na majivu katika mvua za pili tu. Maji yakapita juu, barabara ikakatika, na kwa wiki kadhaa wajawazito walibebwa kwa machela kuelekea zahanati. Tulimlaumu fundi mpaka kwenye harusi. Kalavati lilikuwa zima, tulipolichimbua tulilikuta limejaa tu. Kosa lilikuwa letu, sisi tulioandika bajeti.

Wazee watakumbusha pia kwamba milima hii imewahi kunyang'anywa nguo zake kwa ghafla. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na kuni za kuwapikia zilitoka kwenye miti ya Ngara. Hakuna aliyekuwa na la kufanya. Miti ilipandwa upya baadaye, na baadhi ya ile iliyoota imekuwa ikiliwa na moto wa kila kiangazi.

Mwaka huu tunaomba michango kwa mpango wenye sehemu mbili. Juu mlimani: kuchoma mapema kwa kibali cha serikali ya kijiji, nyasi zikiwa bado na ubichi, vizuizi vidogo vya mawe kwenye makorongo, na mabingobingo kando yake. Bondeni: gabioni na kalavati pana zaidi, kwa kushauriana na TARURA pale inapohusu barabara yao. Kati ya kila shilingi 10 zitakazochangwa, 2 hazitajenga kitu. Zitakaa kwenye akaunti yake kuwalipa vijana wa kuzoa mchanga kabla ya mvua za vuli na baada ya masika. Taarifa ya akaunti hiyo tutaichapa katika kijitabu hiki kila mwaka, hata mwaka ambao itatuaibisha.